UZI: Dawa za maumivu zinazotuumiza zaidi hapa Uganda ni zile tusizoziogopa

SistaWestNile (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa, hasa ninyi wa Arua, Koboko, Bweyale, Nakivale, Kisenyi, na ndugu zetu wa mipakani Busia na Malaba. Mimi ni muuguzi, nimesomea tiba shufaa, kwa hiyo kazi yangu ya kila siku ni watu wenye maumivu makali: saratani, selimundu, vidonda visivyopona. Kuna jambo linaniuma na nimeona nilimwage hapa. Mgonjwa wa saratani anakataa mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, anasema itammaliza. Jioni ileile anamtuma mtoto dukani akamletee diklofenaki, deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) na tramado, na hakuna anayeuliza swali hata moja.

Nianze na hiyo inayoogopwa. Mofini ya maji ilianza kutolewa hapa mwaka 1993, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, ambayo makao yake yako Makindye, Kampala. Poda huchanganywa na maji na kihifadhi, hutiwa kwenye chupa, na mgonjwa hupewa bure. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waiandike wenyewe. Ndiyo maana mtu wa kijijini anaipata bila kungoja daktari ambaye pengine yuko wilaya ya pili.

Ina madhara, na tunayajua. Inafunga choo karibu kwa kila anayeitumia, na hilo halizoeleki, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo lazima itoke siku moja na chupa. Kichefuchefu huja siku za mwanzo kisha huondoka. Usingizi pia, siku mbili tatu, na mara nyingi ni mwili unalipa deni la usiku ambao mtu hakulala kwa maumivu. Hatari kubwa ni pumzi kupungua. Hiyo huja kipimo kikizidi, figo zikiwa hazifanyi kazi vizuri, au dawa ikichanganywa na pombe kali kama waragi au vidonge vya usingizi kama diazepamu. Mtu akianzishwa na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne, tukapandisha taratibu tukifuata maumivu yake, anakaa, anaongea, anakula na wenzake.

Kosa ninaloliogopa mimi ni la chupa. Kuna mofini nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5, na kuna nzito, miligramu 50 katika mililita hizohizo 5. Zinatiwa rangi tofauti makusudi. Sasa mgonjwa anahamishwa kutoka nyepesi kwenda nzito, anayemhudumia nyumbani hakuelezwa, anaendelea kuvuta kiasi kilekile. Hapo amempa mara kumi. Kwa sababu hiyo mimi simruhusu mtu aondoke kabla hajapima mbele yangu. Nampa bomba lisilo na sindano, anavuta, nalishika juu kwenye mwanga tuone maji yamefika mstari gani. Akikosea tunarudisha, anavuta tena. Nachukua kalamu nachora alama kwenye lile bomba, nalifunga na chupa yake kwa plasta. Halafu namuuliza: saa ngapi, kiasi gani, na akilala hadi haamki kwa kuitwa utafanya nini?

Sasa zile zisizoogopwa. Nianze na sindano ya makalio. Hospitali ya Kumi, kule Teso, madaktari wamehudumia watoto wengi ambao miguu ililegea au misuli ya makalio ikakakamaa baada ya kudungwa. Nyingi zilikuwa sindano za kwinini za malaria, lakini mshipa wa fahamu unaopita kwenye kalio hauangalii jina la dawa. Ukichomwa au dawa ikimwagwa karibu yake, wayo hauinuki tena: mtoto anatembea anaburuta vidole. Mwingine hawezi kuchuchumaa hata chooni. Diklofenaki yenyewe ikidungwa vibaya inaweza kuua ngozi na nyama pale ilipoingia, pakawa kidonda cheusi. Na mtu huyo angeweza kumeza kidonge kikamfaa vilevile, maadamu hatapiki.

Uzi uko wazi. Ulizeni, pingeni, elezeni yaliyowapata. Majina ya hospitali na ya watu msiyaweke.

Baba_Zuhura

Asante sana sista. Mama yangu ana saratani ya ziwa, imefika kwenye mifupa. Hospitali walimpa chupa ya kijani ya mofini, ndugu wakaificha. Shangazi anasema kila aliyemwona akipewa dawa hiyo hakumaliza mwezi. Mama usiku anauma shuka. Mimi ndiye mtoto wa kwanza lakini kwenye kikao cha ukoo sauti yangu ni ndogo. Niwaambie nini?

SistaWestNile

Pole sana kaka. Shangazi hakudanganya, aliona kweli. Tatizo ni kwamba wale aliowaona walipewa siku za mwisho kabisa, baada ya kila kitu kushindwa, kwa hiyo dawa ikabeba lawama ya ugonjwa. Mofini hutolewa kwa kuangalia ukali wa maumivu. Siku alizobakiza mtu hazihusiki. Nimewahi kuhudumia watu walioitumia muda mrefu, wanalima bustani zao. Wengine wakipigwa mionzi maumivu yanashuka na sisi tunapunguza dawa kidogo kidogo hadi inaachwa. Mnakumbuka mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi pale Mulago ilipoharibika, ikakaa hivyo hadi mpya ilipozinduliwa Januari 2018? Katika kipindi kile, kwa wengi ambao hawakuwa na nauli ya kwenda Nairobi, chupa hii ndiyo iliyobaki.

Shangazi mwenyewe mwombe aje siku ya kliniki. Muuguzi ampe mama kipimo cha kwanza palepale, shangazi akae kando ya kitanda amtazame saa moja au mbili. Maneno yangu hayatafanya kazi hiyo. Kabla ya hapo mwulizeni daktari kama mama amepimwa figo, na kama amekuwa akinywa diklofenaki muda mrefu mwambieni bila kuficha.

Dereva_Malaba

Habari zenu. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba. Mgongo umeniua. Pale ninapolala kuna duka, nikimwambia kijana "nipe mchanganyiko" anakunja karatasi ya kaki, ndani kuna vidonge vitatu vinne, chekundu, cheupe na kile kidogo cha kijani. Havina jina. Namezea na chai, kesho yake naendesha vizuri. Ila siku hizi tumbo linawaka, na choo kimekuwa cheusi kama lami. Nilidhani ni chakula cha njiani.

Mfamasia_Kla

Kaka, simamisha hizo dawa leo, na leo hiihii nenda hospitali. Usingoje kufika Kampala. Choo cheusi, kinachonata, chenye harufu kali, ni damu iliyotoka tumboni ikapita kwenye utumbo. Ukisikia kizunguzungu unapoinuka, au ukatapika kitu kama unga wa kahawa, usishike usukani kabisa, mwambie turnboi, msaidizi wako wa lori, akutafutie usafiri.

Sasa nieleze kwa wengine. Sijui ndani ya karatasi yako mlikuwa na nini, na hapo ndipo hatari ilipo, maana hata daktari atakayekupokea hatajua. Lakini karatasi za namna hiyo tunazozifungua kaunta mara nyingi zina diklofenaki au ibuprofeni, zina paracetamol, na kidonge kidogo cha steroidi, predinisoloni au deksa. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa ukoo mmoja. Zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kufungulia figo damu. Ukimeza zote mbili hupati nafuu mara mbili, unapata madhara mara mbili. Ongeza predinisoloni juu yake na uwezekano wa kidonda kutoboka unapanda sana. Dereva anayekunywa maji kidogo ili asisimame njiani, pengine ana presha na anameza dawa za kupunguza maji mwilini, huyo anazikausha figo.

Na paracetamol, hii panado tunayowapa hata watoto: mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa pombe au mtu aliyedhoofika anahitaji chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani, unaijumlisha bila kujua. Ini likiharibika halipigi kelele siku ya kwanza. Macho ya manjano yanakuja baada ya siku kadhaa. Dawa ya kulinusuru, asetilisisteini, inafaa zaidi ikiingia ndani ya saa 8 za mwanzo. Kwa hiyo mtu akimeza nyingi, kwa bahati mbaya au kwa kukata tamaa, mpelekeni hata kama anatembea na kucheka.

Dereva_Malaba

Nimesoma. Nimempigia tajiri, nashuka Busia.

DukaLangu_Koboko

Mimi nina duka la dawa, nina leseni, na nimekasirika kidogo kusoma haya. Mnatulaumu sisi. Mteja anakuja ametoka kituo cha afya cha serikali ameambiwa dawa zimeisha. Ana shilingi elfu mbili. Anataka sindano, anasema kidonge hakimfikii. Nikikataa anavuka barabara kwa jirani. Nitalisha watoto nini?

SistaWestNile

Kaka, nakuelewa na sikubezi. Dawa kuisha vituoni ni kweli na ni aibu yetu sote. Mara ngapi nimeandika dawa nikijua dirishani haipo. Lakini unajua wewe mwenyewe kwamba leseni ya duka la dawa haikuruhusu kudunga sindano wala kuuza dawa za cheti, na sheria hiyo ipo tangu Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ilipoundwa mwaka 1993. Ukidunga na mtoto akapooza, utakuwa peke yako mbele ya wazazi wake.

Nakuomba moja tu ambalo halitakupunguzia mauzo: usiuze kidonge kisicho na jina. Mpe vidonge ndani ya pakiti yake, au andika jina kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Yule dereva hapo juu angekuwa na karatasi yenye jina, hospitali wangejua pa kuanzia. Na mteja akisema choo cheusi, mjamzito, figo, kidonda cha tumbo au pumu, usimpe kabisa diklofenaki. Mjamzito hasa: kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kupunguza maji ya mtoto tumboni, na karibu na kujifungua zinaweza kufunga mshipa muhimu wa moyo wake.

DukaLangu_Koboko

Kuandika jina naweza. Hilo la wiki ya 20 sikuwahi kuambiwa.

Mzazi_wa_Shujaa

Shikamooni. Mtoto wangu ana selimundu, ana miaka minane, tunaishi Jinja. Utafiti wa nchi nzima ulionyesha asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wanabeba chembe hii, kwa hiyo sisi ni wengi mno. Maumivu yakimshika mtoto anakuwa kama anavunjwa mifupa. Kuna mahali tukifika wanasema "huyu amezoea dawa, anajifanya". Mtoto wa miaka minane ajifanye? Swali langu ni mawili. Walimpa kodeini mara moja akalala sana hadi nikaogopa. Na kuna mama aliniambia pethidini ndiyo nzuri kuliko zote. Ni kweli?

SistaWestNile

Mama, pole, na asante kwa kulisema hilo la "anajifanya". Linaumiza wagonjwa wa selimundu kila wiki, nami nimelisikia kwa masikio yangu kwenye wodi. Maumivu hayana mashine ya kuyapima. Mtoto akisema anaumwa, anaumwa.

Kodeini usimpe tena. Ini huigeuza kodeini kuwa mofini, na kasi ya kugeuza hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa kuzaliwa. Kuna wanaoigeuza upesi mno, mofini inajaa mwilini kwa ghafla na pumzi inapungua. Kwa sababu hiyo Marekani mwaka 2017 walipiga marufuku kodeini na tramado kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, na wakawaonya mama wanaonyonyesha. Inashangaza watu, lakini mofini yenyewe kwa kipimo kidogo kinachofuata uzito ni salama zaidi kwake, maana tunajua kiasi kinachoingia.

Pethidini sivyo kabisa. Mwilini inaacha mabaki yanayokaa muda mrefu na kusababisha degedege, hasa dozi zikirudiwa na figo zikiwa dhaifu. Na wenye selimundu figo zao huanza kuchoka mapema, kwa hiyo hata diklofenaki na ibuprofeni ziwe za siku chache na kwa ushauri wa daktari. Nyumbani anza mapema na paracetamol, maji mengi, joto kwenye kiungo kinachouma. Akipata homa, kifua kumbana, au tumbo kuvimba upande wa kushoto, usikae na dawa za maumivu nyumbani. Hospitali mara moja.

Mkaaji_Nakivale

Jambo kwenu. Mimi ni wa Kongo, niko Nakivale. Ninyi mnaongea dawa, mimi nataka kuongea karatasi. Bibi yangu, yaani mke wangu, alitoka kujifungua kwa kupasuliwa, wakamwandikia kwenye pakiti "1×3", maana yake kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Muuguzi alieleza kwa Kinyankole na Kiingereza, bibi anasikia Kiswahili na Kibembe. Yeye akaelewa: mara moja kwa siku, vidonge vitatu pamoja. Asubuhi anameza vyote vitatu, usiku analia. Tuligundua jirani alipouliza. Pia tangu sindano ya mgongo kichwa kinamgonga akikaa, akilala kinatulia. Watu wanasema sindano ile imemharibu maisha.

Daktari_wa_Ganzi

Karibu ndugu. Hiyo ya kichwa inajulikana. Sindano ya ganzi ya mgongo hutoboa utando unaoshikilia maji ya uti wa mgongo. Yakivuja kidogo, kichwa kinauma mtu akikaa au kusimama na kinatulia akilala. Kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili, kwa maji ya kutosha, kupumzika na dawa za kawaida. Kikizidi, tunaweza kuchukua damu yake kidogo mkononi na kuidunga karibu na pale palipotoboka, izibe. Lakini akiwa na homa, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili au degedege, hilo ni jambo jingine na arudi leo. Kumharibu maisha, hapana.

Kwa kuwa tunazungumzia usalama, niseme linalotunyima usingizi sisi wa chumba cha upasuaji. Dawa ya ganzi ya mgongo, bupivakaini, na traneksamiki ya kuzuia damu zinaweza kuja kwenye vichupa vinavyofanana kama mapacha. Traneksamiki ikiingia mgongoni kimakosa inaleta degedege kali na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2022. Suluhisho ni la mikono tu: hizo dawa zisikae rafu moja, na anayevuta dawa asome jina kwa sauti, mwenzake asikie. Kwangu vichupa vya traneksamiki vinakaa nje ya trei ya ganzi, na nikikuta kimoja pale nasimamisha kazi hadi tujue kilifikaje.

SistaWestNile

Ndugu wa Nakivale, hilo la "1×3" ni kubwa kuliko unavyodhani. Tunaliandika kila siku kana kwamba kila mtu alizaliwa analijua. Tangu leo mimi nachora: jua linachomoza, jua la mchana, mwezi, na chini ya kila kimoja idadi ya vidonge. Wewe na bibi mkifika kituoni, msione haya kusema "sikusikia, nitafutie mtu wa Kiswahili". Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wako wengi wanaokijua. Na kabla ya kuondoka, bibi arudie mwenyewe kwa mdomo atakavyomeza.

Mizizi_Asili

Mimi bado nasema miti shamba ni salama. Nauza dawa ya viungo, wazee wanaruka. Haina kemikali.

Mfamasia_Kla

Mzee wangu, siipingi miti shamba. Ila dawa ya viungo inayomfanya mzee aruke siku ya pili inanitia shaka kwamba mtu, pengine aliyekuuzia unga, ameweka deksa ndani. Nimewaona: uso unakuwa wa mviringo kama mwezi, mashavu yanajaa, familia inafurahi "amenenepa", kumbe sukari inapanda, mifupa inaliwa, ngozi inachubuka kwa kuguswa. Na mtu kama huyo asiiache ghafla, maana mwili umeshaacha kutengeneza homoni yake. Akikatisha anaweza kuanguka presha na kufa. Aende na chupa hospitali, wampunguzie taratibu. Ukitaka kujilinda wewe na wateja wako, peleka sampuli NDA wapime.

Baba_Zuhura

Sista, shangazi amekubali kuja Alhamisi. Swali la mwisho: chupa tuiweke wapi, kuna watoto wadogo wengi nyumbani. Na ikibaki?

Mfamasia_Kla

Iweke juu, mbali na jua, kwenye sanduku linalofungwa, na funguo awe nayo mtu mmoja. Msiimimine kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto anaiona tamu ya macho anakunywa. Andikeni kwenye daftari kila dozi: tarehe, saa, kiasi, na aliyempa, ili watu wawili wasimpe mara mbili. Akilala haamki kwa kuitwa na kutikiswa, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya pini, na pumzi zake hazifiki 10 kwa dakika, msimpe tena na mkimbieni hospitali na chupa mkononi. Huko kuna nalokisoni inayoiondoa nguvu mofini. Ikibaki, au ikibadilishwa, irudisheni palepale mlipoichukua, msiigawe kwa jirani hata akiwa na maumivu ya namna gani. Yeye aje apimwe apate yake.

SistaWestNile

Na daftari hilo Alhamisi njoo nalo, hata kama lina ukurasa mmoja tu wa maumivu ya usiku. Andika saa alizoamka na mahali palipouma.